Rangi ya uji kwa mtoto anayeonja kila kitu

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi mitano, na kila anachokishika hupita mdomoni kwanza. Kwa hiyo siku jirani yetu hapa Tabata alipotuletea, kwa nia njema kabisa, kopo la rangi ya mafuta lililobaki ili watoto wachezee uani, nilimshukuru nikaliweka mbali. Baadhi ya rangi za namna hiyo, hasa za zamani, zina madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Niliamua kwamba rangi ya mwanangu itapikwa jikoni kama chakula chake.

Msingi wake ni uji. Nakoroga vijiko 4 vya chakula vya konfulawa katika maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, kisha namimina katika vikombe 2 vya maji yanayochemka na kuendelea kukoroga mpaka uwe mzito na kung'aa. Wako wanaochanganya unga mbichi wa ngano na maji tu, jambo nisilolikubali, kwa sababu unga mbichi unaweza kubeba vimelea vya kuharisha ambavyo huuawa na moto, na tena wapo watoto wanaodhuriwa na ngano. Chumvi, ambayo wengi huitia ili rangi isichache, siitii kabisa, maana mtoto mdogo akiilamba kwa wingi anaweza kuugua vibaya.

Nyekundu naipata kwa bitiruti niliyoikwaruza, nikaichemsha kwa muda mfupi na kuichuja, kwani ikikaa motoni sana wekundu wake hufifia. Mchicha uliochemshwa na kusagwa hutoa kijani kilichopoa, nacho ndicho nikipendacho zaidi. Manjano nanunua mzizi mzima sokoni na kuukwaruza mwenyewe, kwa kuwa katika baadhi ya nchi imegundulika kwamba unga wa manjano huchanganywa na kemikali yenye risasi ili ung'ae. Niliwahi kufikiria kutia ndimu ili wekundu wa bitiruti udumu, lakini maji ya ndimu kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza, na mchezo wenyewe ni wa nje.

Tunacheza kabla ya saa 3 asubuhi, chini ya mwembe, juu ya mkeka wa zamani, naye akiwa amevaa nepi tu. Karai la kunawia silisogezi mpaka tumalize, na hata hapo simwachi peke yake, maana mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika maji machache sana. Rangi iliyobaki uani naimwaga, kwa kuwa kwa joto la Dar es Salaam uji huchacha siku hiyo hiyo. Ile isiyoguswa huifikisha siku 2 kwenye friji.

Mara ya kwanza nilipofua nepi yenye doa la manjano nilishtuka, kwa sababu sabuni ililigeuza kuwa jekundu kama damu. Nilisuuza vizuri, nikaianika juani, na kwa jua letu la Januari doa lilikuwa limefifia kabla sijaanua.