Sheria ya Chukwani, polisi wa Muungano: nani wa kujibu Geneva?

Akikamatwa mtu Darajani, mjini Unguja, kwa tuhuma za kuwa na mpenzi wa jinsia yake, askari anayemshika ni wa Muungano. Hati ya mashtaka inatoka ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Daktari anayeletewa mtu huyo apimwe ni mwajiriwa wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), na akitiwa hatiani atalala Chuo cha Mafunzo, yaani jela, nayo ni ya SMZ. Sheria yenyewe imetungwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Lakini siku ya kuulizwa Geneva, kwenye vikao vya haki za binadamu vya Umoja wa Mataifa, anayekaa kwenye kiti ni mjumbe wa Jamhuri ya Muungano, na anachoulizwa mara nyingi ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara, ambacho huku Visiwani hakitumiki.

Mambo ya nchi za nje na polisi yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Sheria ya jinai ya Zanzibar haimo. Kwa hiyo ukiuliza Dodoma utaambiwa sheria hiyo si yao, na ukiuliza Vuga, kwa SMZ, utaambiwa mikataba ya kimataifa si yao. Wote wawili wanasema kweli nusu, na mwenye shida anabaki na bahasha mkononi.

Kwanza tuziweke sheria mahali pake, maana hata taarifa za mashirika makubwa huzichanganya. Bara, tangu mabadiliko ya 1998, kifungu cha 154 kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Zanzibar ni tofauti. Sheria ya Adhabu ya 2004 iliweka hadi miaka 14 kwa wanaume, hadi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa wanawake, na hadi miaka 7 kwa wanaoishi kama mume na mke wakiwa wa jinsia moja. Ilikuja kufutwa na Sheria Namba 6 ya 2018, lakini mahusiano haya yamebaki kuwa kosa la jinai. Habari za nje za mwaka 2004 zilitaja miaka 25, na wapo wanaoinakili hadi leo. Ukiandika takwimu ya Bara kwenye malalamiko ya Unguja, wakili wa Serikali ana pa kuanzia: mlalamikaji hajui hata sheria anayoilalamikia.

Sasa je, Jamhuri inaweza kujitetea kwamba Zanzibar ina mamlaka yake? Haiwezi, na hili si suala la maoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na ibara ya 50 ya mkataba huo inasema masharti yake yanafika kila sehemu ya nchi yenye mfumo wa shirikisho bila ya kubakishwa. Wapo watakaobisha kwamba Muungano wetu si shirikisho. Haidhuru: ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 inaikataza nchi kuitumia sheria yake ya ndani kama sababu ya kutotekeleza mkataba iliouridhia.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa kisiwa kingine. Tasmania ni jimbo la Australia lenye sheria yake ya jinai. Kufikia miaka ya 1990, ndilo jimbo pekee la Australia lililokuwa bado linaadhibu mahusiano ya wanaume watu wazima. Nicholas Toonen alipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na aliyejibu ni serikali ya shirikisho, Canberra, si ya jimbo, Hobart. Canberra haikujificha nyuma ya jimbo. Ilikiri kwamba sheria ile inaingilia faragha. Machi 1994 Kamati ikaamua kuwa Australia imekiuka ibara ya 17 ya mkataba ule ule wa haki za kiraia. Bunge la shirikisho likatunga sheria mwaka huo huo, na Tasmania ikafuta vifungu vyake mwaka 1997. Kabla ya hapo, 1981, Uingereza ilikuwa imeshindwa Strasbourg, kwenye Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Dudgeon, ambayo nayo ilihusu sehemu yenye sheria yake: Ireland ya Kaskazini. Mara zote mbili mwenye mkataba alilipia sheria ya mwenye kisiwa.

Hapa ndipo tofauti yetu inapouma. Toonen alipata mlango kwa sababu Australia ilikuwa imekubali Itifaki ya Hiari ya mkataba huo, inayomruhusu mtu binafsi kulalamika. Tanzania haijaikubali. Wala haijaridhia Mkataba dhidi ya Mateso. Na mlango wa jirani kabisa, Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ulifungwa na wenyeji wenyewe: tamko la kuruhusu watu binafsi na mashirika kushtaki moja kwa moja liliwekwa Machi 2010, likaondolewa Novemba 2019, na uondoaji ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahkama imo ndani ya nchi yetu, na mwananchi wetu hawezi kubisha hodi.

Iliyobaki ni milango minne, na kila mmoja una kufuli lake.

Mahkama ya Afrika Mashariki, nayo Arusha, haikulazimishi umalize kwanza mahkama za nyumbani. Huo ni urahisi mkubwa, lakini bei yake ni miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au mlalamikaji akijue. Kudai kwamba ukiukwaji bado unaendelea hakusaidii. Kitengo cha rufaa kilishaikataa hoja hiyo mwaka 2012 katika kesi dhidi ya Kenya. Wengi wanaipoteza nafasi hii wakisubiri jibu la barua waliyoiandikia wizara. Andika barua, sawa, lakini kalenda iwe ukutani. Jambo jingine: mahkama hii haipendi kuamua kitu kilichokwisha kufa. Mwaka 2016 ilikataa kuiamua Sheria ya Uganda ya 2014 dhidi ya mashoga, kwa kuwa Mahkama ya Katiba ya Uganda ilikuwa imeshaifuta.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, bado inapokea malalamiko ya mtu binafsi, na Tanzania imo ndani ya Mkataba wa Afrika wa haki hizo tangu 1984. Azimio lake la 275, lililopitishwa Luanda mwaka 2014, linazitaka nchi zikomeshe ukatili unaofanywa kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa kijinsia, hata wa kudhaniwa tu. Masharti ya kupokelewa yamo kwenye ibara ya 56 ya mkataba huo, na mawili yanawaangusha watu wetu zaidi. Moja ni lugha: malalamiko yenye matusi au kejeli kwa nchi au viongozi yanakataliwa. Ukimwita waziri majina, umemsaidia. La pili ni kumaliza njia za ndani, na hapa Zanzibar ina jambo lake. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar inaiweka tafsiri ya Katiba hiyo nje ya mamlaka ya Mahkama ya Rufaa ya Tanzania. Kwa hiyo kesi ya kikatiba iliyofunguliwa Mahkama Kuu ya Zanzibar haina safari ya kwenda Rufaa kama ya Bara, na hilo lazima lielezwe wazi kwenye maombi. Usipolieleza utaulizwa kwa nini hukwenda Rufaa, na miaka miwili inaweza kupita kwenye swali hilo tu. Jina la mlalamikaji lazima liandikwe, ila anaweza kuomba lisitangazwe.

Mlango wa tatu ndio wa haraka: barua kwa wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa. Yupo wa mateso, yupo wa haki ya afya, yupo wa watetezi wa haki za binadamu, na tangu 2016 yupo Mtaalamu Huru anayeshughulikia ukatili na ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Hawahitaji nchi iwe imeridhia mkataba wowote, wala hawahitaji umalize mahkama. Wakiridhika wanaiandikia serikali barua ya tuhuma, ambayo hukaa siri siku 60, kisha inawekwa hadharani pamoja na jibu, au pamoja na nafasi tupu pasipo jibu. Nafasi tupu nayo ni ushahidi.

Wa nne ni Mapitio ya Mara kwa Mara ya haki za binadamu (UPR) ya Umoja wa Mataifa, ambayo kila nchi huyapitia takriban kila miaka minne na nusu. Tanzania ilipitiwa Oktoba 2011, Mei 2016 na Novemba 2021. Majadiliano ni saa tatu na nusu tu. Taarifa ya shirika moja isizidi maneno 2,815. Ya mashirika yaliyoungana, 5,630. Ushauri wangu: unganeni, na Zanzibar ipewe sehemu yake yenye kichwa chake, si aya moja ya mwisho baada ya kurasa za Bara. Kisha andaeni ukurasa mmoja, wenye mapendekezo mawili, basi, kwa ajili ya balozi za nchi nyingine, maana nchi hizo ndizo zinazotoa mapendekezo siku ya mapitio. Ofisa wa ubalozi ana dakika chache na nchi nyingi.

Na mapendekezo yaombe nini? Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzetu hawaupendi. Kila suala hili linapoletwa jumla jumla, ujumbe wetu unakimbilia kwenye ndoa, mila na dini, unasema umelisikia, na mjadala umekwisha. Leteni jambo ambalo mila haina jibu nalo. Polisi kumtoza mtu pesa ili asimtangaze kwa sheha wa mtaa wake na kwa wazee wake. Mgonjwa kunyimwa dawa. Watu kukamatwa wakiwa kwenye mafunzo ya afya, kama lilivyowapata watu 20 hapa Unguja Septemba 2017. Na zaidi ya yote, vipimo vya kulazimishwa vya sehemu ya haja kubwa, ambavyo kitaalamu havithibitishi chochote. Chama cha Madaktari Duniani kilitaka vikomeshwe mwaka 2017, na Mahkama ya Rufaa ya Kenya, ikikaa Mombasa Machi 2018, ikavitangaza kuwa kinyume cha katiba. Hakuna mjumbe anayeweza kusimama Geneva akasema Uislamu unamlazimisha daktari wa serikali kumfanyia mtu hivyo. Wakati huo huo, anayetaka kufuta vifungu vyenyewe awe na mfano wa Seychelles: waliahidi kwenye mapitio ya 2011, wakafuta bungeni mwaka 2016.

Yote haya yanasimama juu ya karatasi ya kwanza, ile inayoandikwa siku ya tukio au ya pili yake. Nyingi ni dhaifu. "Polisi walimtesa kijana mmoja mjini" haina thamani popote. Linganisha na hii, ya kubuni: "Jumamosi, kati ya saa 21:00 na 21:30, askari wawili wasio na sare walimchukua mwanamme wa miaka 24 nje ya banda la chipsi, shehia fulani, kwa gari nyeupe aina ya Noah, walimfikisha kituoni saa 22:10, simu yake ilichukuliwa bila ya hati, saa 23:00 aliambiwa atoe laki tatu." Sasa kuna kitu cha kuulizia kwenye daftari la kituo.

Saa zetu ni mtego. Shahidi anasema saa 3 usiku, mfasiri anaandika 3:00, na Geneva wanasoma alfajiri. Daftari la polisi linasema 21:00, tofauti inaonekana, na ushahidi mzima unatiwa shaka. Andika kwa saa 24 tangu mwanzo. Vivyo hivyo tarehe: mtu akisema "Iddi pili", muulize ni siku gani ya wiki, maana sote tunajua mwezi unavyoandama kwa makundi.

Kwa kila mtendaji andika ni wa serikali ipi: askari, wa Muungano; daktari, wa SMZ; mwendesha mashtaka, wa SMZ. Safu hiyo moja inaziba ile njia ya kutupiana mpira niliyoieleza juu. Idhini ya mhusika iwe ya maandishi na iwe ya hatua kwa hatua: amekubali kuandikwa, amekubali kupelekwa nje, amekubali jina lake lijulikane na serikali. Hizo ni idhini tatu, wala moja haibebi nyingine. Karatasi ya majina isikae pamoja na karatasi ya matukio, na zote zisikae kwenye simu. Kisiwani watu wanajuana. Umri, kazi na shehia vikikaa pamoja, jina halihitajiki.

Ama kuhusu wafadhili kukata misaada, sioni kama huko ni kuwajibisha. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotangaza msako wa mashoga Oktoba 2018, Denmark ilizuia msaada wa kroner milioni 65. Gumzo likageuka kuwa la ubeberu, na waliosakwa wakawa ndio waliosababisha nchi inyimwe. Kilichofaa zaidi ni kitu kidogo ambacho wengi wamekisahau: mwanzoni mwa Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba yale yalikuwa maoni binafsi ya Makonda, si msimamo wa Serikali, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba iliyoiridhia. Taarifa ile ni ya Muungano na inaihusu Zanzibar pia. Iambatanishwe kwenye kila malalamiko.

Na kabla ya kupanda ndege, Chukwani yenyewe ina kipindi cha maswali. Mwakilishi anaweza kuuliza: tangu Sheria Namba 6 ya 2018 ianze kutumika, ni majalada mangapi yamefunguliwa chini ya vifungu hivi Unguja na Pemba, mangapi yamefika mahkamani, wangapi wametiwa hatiani, na wangapi walipelekwa kwa daktari bila ya amri ya hakimu? Anayeuliza halazimiki kumtetea mtu yeyote, kwa kuwa anaomba hesabu tu. Jibu la waziri litaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza, na nakala yake inapatikana.