Wiki ya sita na shingo ya Shaba: kushoto kumekubali!

Jana jioni farasi wangu Shaba kafuata karoti mkononi mwangu, kapinda shingo kushoto mpaka mdomo ukagusa ubavu, pale mkanda wa tandiko unapopita, miguu yote minne chini, katulia, nikahesabu mpaka tano ndo nikampa karoti. Wiki sita nzima nahangaikia hicho kitu! Kulia siku ya tatu tu alishaelewa, kushoto ndo kulikuwa na kimbembe.

Nikimpeleka karoti kushoto anatupa makalio kulia, anageuka mwili mzima na shingo haijakunjwa hata kidogo. Nikimrekebisha hapo anakuja na ujanja mwingine, analaza kichwa upande, sikio moja juu lingine chini, mdomo unafika lakini shingo iko vilevile. Wiki mbili nilidhani hayo ni maendeleo mpaka dogo anayenisaidia bandani akasema, "Kaka, huyo hajipindi, anachungulia tu." Iliniuma kweli. Nikajaribu kumfunga kamba fupi, ndo akakaza na mgongo. Msimfunge jamani, shingo aipeleke mwenyewe.

Dawa imekuwa ukuta. Nimemsimamisha ubavu wa kulia unagusa matofali ya banda, makalio kwenye kona, hana pa kuyatupa. Halafu mkono wangu nao ulikuwa na kosa, nilikuwa naivuta karoti toka puani moja kwa moja kurudi ubavuni, sasa naitoa kwanza nje, naizungusha nusu duara usawa wa bega, narudi nayo taratibu, naangalia masikio yabaki sawa. Shingo inakunjika kuanzia chini kabisa, sio pale nyuma ya masikio tu.

Na baridi hii ya Mufindi, asubuhi yenye ukungu mnyama amekakamaa, unamnyooshaje? Nimehamia jioni, namtembeza kwanza dakika 10 hadi 15 kando ya chai.

Idadi ya kurudia nafuata utafiti wa Stubbs, Clayton na wenzao wa 2011 kuhusu mazoezi kama haya, farasi 8, kila zoezi mara 5, siku 5 kwa wiki, miezi 3, na misuli inayoshika uti wa mgongo iliongezeka unene. Kwa hiyo bado nina safari.

Karoti nachagua zile ndefu pale sokoni Mafinga, nakata kwa urefu, vile vipande vya mviringo vinaweza kumkwama kooni. Na wekeni kwenye kibegi cha kiunoni, mfuko wa koti Shaba alishaujua, anaacha zoezi anakuja kunusa.

Wiki hii ilikuwa tuanze mazoezi ya miguu ya mbele ila nimekuta fito za mikaratusi zimebaki kwenye uzio, nikaona kwa nini asizivuke akitembea. Nimelaza 4, sentimita 80 kati ya moja na nyingine, nimezichimbia kidogo maana zikiguswa zinabingirika. Leo fito ya tatu kaigonga mara mbili, raundi ya mwisho kanyanyua kwato za nyuma juu kabisa. Kesho naongeza ya tano, miguu ya mbele itasubiri.