Fomu yenye mstari mmoja

Assalam alaykum jamani, nimepotea humu, nlikuwa Pemba wiki nzima kwenye kambi ya watoto na niliporudi Unguja nkalala siku mbili, mana kulala chini darasani na vijana thelathini wasiofunga macho si mchezo.

Kambi ni ya likizo ya Disemba, upande wa Wete, watoto wanaolelewa kwa kafala (ule ulezi wa Kiislamu, unamchukua mtoto wa mwenzio ukamlea kwako) na wengine wa vituoni. Asubuhi Qur-ani na darsa, mchana mpira, usiku kila maalim anakaa na watoto wake watano wanapiga stori tu, na kambi ikisha ndo uwe mtu wao wa simu mwaka mzima. Ndo tunavojidai, wengi wetu wiki mbili tu kimyaa, na mie nimo.

Siku ya kwanza nkaboronga. Niko mezani naandikisha, kaja kijana wa miaka kama kumi, kapakiwa kwenye honda na mzee wake, nkatazama fomu, nkamtazama mzee, nkasema kwa sauti foleni nzima inasikia, "Mbona jina la baba umekosea?" Kijana kainama. Mzee akajibu yeye, taratibu, "Hajakosea maalim, baba ake ndo huyo, keshatangulia. Mie nnamlea tu."

Wallahi nlitamani meza inimeze. Na jambo lenyewe nalisomesha! Suratul Ahzab aya ya 5, waiteni kwa baba zao, ndo mana kafala haigusi ubini wa mtoto: unamlisha, unamsomesha, unamuuguza, lakini jina la baba ake linabaki, na hana urithi kwako, ukitaka umuachie kitu unamuusia ndani ya theluthi ya mali yako. Hata Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua kafala. Lakini fomu zetu, za kambi na za skuli, zina mstari mmoja, "baba/mlezi", kama kwamba ni mtu mmoja. Hadithi ya vidole viwili, kwamba Mtume na mlezi wa yatima watakuwa peponi karibu kama vidole viwili, tunaisoma sana tukichangisha pesa, kuongeza mstari kwenye karatasi hatujaweza.

Usiku nkagawa madaftari waandike majina. Yeye akaniomba penseli. Nkamwambia kalamu hizi hapa tele, akasema, "Penseli maalim, skuli hunambia nifute." Nkampa kalamu, nkakaa pembeni yake mpaka akamaliza. Kaandika herufi kubwaa, mstari mzima.

Siku ya nne tukawapeleka Kidike kuwaona popo, wale wakubwa ambao hawapo popote duniani ila Pemba, na tangu hapo kijana hanyamazi.

Jana Ijumaa nimepiga simu. Kapokea mzee, nkamsikia anamwita huko uani kwa jina lake na la baba ake, kwa sauti ya muadhini. Kaja mbio, anahema, hata salamu hakumaliza, "Maalim, popo akilala mbona haanguki?"

Nimemwambia Ijumaa ijayo ntampa jibu. Anaejua anambie.