Kupiga picha ng'ombe wakiswagwa kiangazi, Longido

Picha ya ng'ombe wakiswagwa inategemea ulipojiweka kuliko kamera uliyoshika. Kwenye nyika za Longido, kandokando ya barabara ya Arusha–Namanga, mimi hupiga wakati wa kiangazi: vumbi lipo la kutosha, malisho yako mbali, na kundi hutembea kwa mstari mrefu kwenda na kurudi kwenye maji.

Kabla ya yote ni ruhusa. Napitia kwa mwenyekiti wa kijiji, ananifikisha kwa mzee wa boma. Natoa shikamoo, naeleza picha zinakwenda wapi, tunakubaliana malipo, ndipo kamera inatoka begini. Idadi ya ng'ombe siulizi, kuhesabu mifugo ya mtu ni mwiko. Kisha naongea na vijana wanaochunga, maana ndio wanaojua kundi litavukia korongo lipi. Nawauliza pia siku ya maji ni ipi, kwa sababu kiangazi ng'ombe wengi hunyweshwa siku moja, wakaruka moja.

Asubuhi haina faida kubwa. Mpaka wakamuliwe na watoke bomani, jua limeshapanda. Kazi yenyewe ni jioni wakirudi, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linazama.

Sasa suala la kusimama, na hapa ndipo wengi huharibu. Ng'ombe anakupima kwa bega lake. Ukiwa mbele ya bega anasita au anageuka, ukiwa nyuma ya bega anaongeza mwendo. Mpiga picha akikimbilia mbele kutafuta nyuso, wale wanaoongoza wanasimama, wa nyuma wanasongamana, mstari unavunjika, na kijana wa watu anaanza upya kuwakusanya. Kwa hiyo nawahi, nakaa kama mita 40 pembeni ya njia, chini ya mgunga, na sisogei mpaka kundi limalizike kupita. Nikitaka kupiga kutoka chini, nakaa chini mapema. Mtu anayechuchumaa ghafla vichakani huwashtua. Droni siirushi kabisa. Hata ukiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mlio wake unatawanya ndama.

Upande ninaochagua ni mashariki ya njia. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka huko, hivyo vumbi linakwenda mbali na lenzi, na jua la jioni linabaki nyuma ya vumbi na kuliwasha lote.

Natumia lenzi ya kuvuta ya 70–200 mm, tundu la lenzi likiwa f/5.6 hadi f/8. Kwa ng'ombe wanaotembea, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inatosha. Ndama wakianza kukimbia napandisha hadi 1/1000. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, naanza 400, naongeza kadiri mwanga unavyopungua. Vumbi linalong'aa hudanganya kipimo cha mwanga: kamera inatia giza na uso wa mchungaji unapotea, kwa hiyo naongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili). Shuka nyekundu ya mchungaji nayo ina shida yake. Rangi nyekundu huungua kabla ya nyingine, mikunjo ya kitambaa ikapotea, ndiyo maana napiga RAW, faili ghafi lisilobanwa na kamera, na kuangalia histogramu (grafu ya mwanga) ya nyekundu peke yake. Fokasi naweka nukta moja kwenye ukingo wa shuka au kwenye pembe. Ukiiachia kamera ichague, inashika vumbi.

Lenzi sibadilishi porini hata iweje. Lenzi ya kuvuta inanyonya hewa kila ikirefuka, hivyo naivika mfuko wa plastiki na kuubana kwa raba mbele na nyuma. Usiku, kwanza kipulizio, kisha brashi laini, kitambaa mwisho kabisa. Vumbi la huku lina majivu ya volkano, na ukianza kwa kufuta unalikwangua juu ya kioo.