Kumbukumbu ya mradi: feni inayokoroma, kuanzia kipimo hadi waranti

Sauti yenyewe

Laptopu yangu ina feni mbili, na mojawapo imeanza kukoroma. Si ule mvumo wa hewa inayotoka kwa kasi kompyuta ikipata moto. Huo niliuzoea tangu siku nilipoinunua. Huu ni mkwaruzo, krrr-krrr ya kitu kigumu kikisuguana na kingine, na husikika zaidi asubuhi kompyuta ikiwa imelala imezimwa. Ikishapata joto, mkwaruzo hufifia na mara nyingine hupotea kabisa.

Waranti ya mtengenezaji bado haijaisha, kwa hiyo nimeamua kulifuatilia jambo hili kama mradi kamili na kuandika kila hatua. Kesi ya kelele ni ngumu kuliko kesi ya skrini iliyokufa. Skrini nyeusi haina ubishi. Kelele inabidi uithibitishe kwa mtu ambaye hakuwa nawe chumbani, na kompyuta inaweza kumfikia ikiwa kimya, kama mgonjwa anayefika kwa daktari homa imeshashuka. Ndiyo maana sikusudii kuitengeneza mwenyewe. Ninachotaka ni maelekezo mafupi ambayo fundi yeyote akiyafuata ataisikia sauti ninayoisikia mimi.

Kutafuta chanzo

Vitu vinavyoweza kupiga kelele ndani ya laptopu si vingi. Diski ya kizamani ni kimojawapo, kwa kuwa sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, lakini yangu inatumia SSD, ambayo haina kinachozunguka. Spika nazo nilizitoa kwenye orodha kwa kuzima sauti kabisa.

Zilibaki koili. Kwenye bodi kuu kuna koili ndogo zinazosawazisha umeme unaokwenda kwenye prosesa, na mkondo ukipanda na kushuka haraka hutetemeka na kutoa mlio mwembamba wa juu. Watu wengi huuchanganya mlio huo na kelele ya feni. Kuutofautisha ni muhimu sana, maana watengenezaji wengi huuhesabu kuwa hali ya kawaida ya kifaa, na ukiandika tu "inapiga kelele" unaweza kujibiwa hivyo na kesi ikafungwa. Tofauti yake ni wakati. Mlio wa koili huja papo hapo kazi nzito inapoanza na hukatika papo hapo inapoisha. Feni huchelewa, kwa sababu inafuata joto. Niliwasha kazi nzito na kuizima mara kadhaa. Mkwaruzo haukufuata kazi hata kidogo, ulifuata mzunguko wa feni.

Kipimo kilichofuata hakihitaji kifaa chochote. Nikiwa nimeshika kompyuta kwa mikono miwili, niliiinamisha polepole hadi ikasimama kwa ubavu. Mkwaruzo ulibadilika, ukawa mwembamba, halafu ukakatika. Nilipoilaza tena mezani ukarudi. Feni ndogo za namna hii mara nyingi huwa na mhimili mwembamba unaozunguka ndani ya kijibomba chenye mafuta. Mafuta yakipungua au kijibomba kikilika, mhimili hupata nafasi ya kuchezacheza, na uzito wa mapanga huuegemeza upande huu au ule kulingana na kompyuta ilivyokaa. Vumbi peke yake haliwezi kueleza sauti inayokatika kwa sababu tu umegeuza kompyuta.

Halafu nikakunja karatasi ikawa bomba, ncha moja sikioni, nyingine juu ya kibodi, nikapita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa kushoto, karibu na bawaba ya skrini, sauti iliingia wazi kabisa.

Namba zinazoongea

Sikio langu ni ushahidi kwangu mimi, si kwa fundi, kwa hiyo niliweka kwenye simu programu inayochora sauti kwa mistari ya masafa. Upande wa kompyuta nilitumia programu inayoonyesha mwendo wa kila feni. Ya kushoto ilikuwa inazunguka mara 4,200 kwa dakika, ya kulia mara 3,900. Gawanya kwa 60: ya kushoto ni mizunguko 70 kwa sekunde, ya kulia 65.

Kwenye mchoro, mkwaruzo ulijitokeza kama safu ya mistari iliyopangana kwa nafasi sawa, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa hezi 70, yaani mara 70 kwa sekunde. Haikuwa 65. Nikasubiri hadi feni ikashuka kufikia mizunguko 3,000 kwa dakika, na mistari ikasogeleana hadi hezi 50. Nilifurahi mno. Kinachokwaruza kinakwaruza mara moja kwa kila mzunguko wa feni ya kushoto, na hilo mtu anaweza kulisoma kwenye picha bila kuisikia sauti yenyewe.

Niliirekodi sauti ikiwa baridi, simu ikiwa imelala mezani mahali palepale kila mara, na nikapiga picha ya mchoro pamoja na namba za mizunguko. Kile kipimo cha desibeli cha simu sikukitumia kama ushahidi. Simu hazijasawazishwa kwa kazi hiyo, na namba moja tupu inapingika kirahisi.

Kufungua au kuacha

Bisibisi ninayo, na kifuniko cha chini kinashikwa na skrubu chache tu. Hata hivyo niliamua kutofungua. Kijibomba cha mafuta kimo ndani ya kitovu cha feni na hakisafishiki, kwa hiyo ndani nisingepata faida yoyote zaidi ya kumpa mtu sababu ya kuuliza maswali.

Lakini ni vizuri kujua kwamba kufungua si lazima kuue waranti, ingawa stika juu ya skrubu inaweza kusema hivyo. Marekani kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975, na mwaka 2018 tume ya biashara ya serikali kuu iliyaonya makampuni kadhaa kuhusu masharti ya aina hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa kawaida ana haki ya kisheria ya angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji, kando ya chochote anachoahidi mtengenezaji. Kwa hiyo soma karatasi ya waranti yako, na usome pia sheria ya mahali ulikonunulia, kwa sababu ni vitu viwili tofauti.

Huduma kwa wateja

Walitaka namba ya seriali, iliyoandikwa chini ya kompyuta na pia ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi), pamoja na risiti. Halafu yakaja maombi ya kawaida. La kwanza lilikuwa kusasisha BIOS, na nililitekeleza bila kubisha, kwa kuwa BIOS kweli ndiyo inayoamua feni iende kasi gani kwenye joto gani. Sasisho linaweza kutuliza feni inayopaa bila sababu. Beringi iliyolika, yaani kile kijibomba cha mafuta, haliigusi.

Ombi la pili lilikuwa kufuta kila kitu na kusakinisha upya mfumo endeshi. Hapo nilikataa kwa adabu, na nikawatumia video iliyorekodiwa kompyuta ikiwa kwenye ukurasa wa BIOS, kabla mfumo endeshi haujaamka. Mkwaruzo ulikuwepo. Kama sauti ipo wakati hakuna programu yangu hata moja inayofanya kazi, kusakinisha upya hakuna kitakachobadilisha. Wakakubali na kunipa namba ya kesi.

Maandalizi ya kuipeleka

Fomu inasema wazi kwamba data ni jukumu la mteja na kwamba diski inaweza kufutwa. Nilihifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, nikafungua baadhi ya mafaili kutoka kwenye nakala hiyo kuhakikisha yanasomeka.

Hatua ambayo wengi huiruka ni ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo wa siri. Windows ikiwa imesimba diski, na fundi akabadilisha bodi kuu, kompyuta itaomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Aliyeuacha ndani ya kompyuta hiyohiyo hana pa kuusoma. Niliuandika kwenye karatasi na kuuweka nyumbani. Nywila yangu sikumpa mtu. Fundi wa feni anahitaji BIOS na vipimo vya mtengenezaji tu.

Nilipiga picha kila kona, kila tundu na skrini ikiwa imewashwa, ili ikirudi na mchubuko kuwe na cha kulinganisha. Msafirishaji naye aliuliza kama betri imo ndani, na ni swali la msingi: betri za lithiamu-ioni zilizofungwa ndani ya kifaa zina namba yake maalumu ya usafirishaji, UN 3481.

Imerudi vilevile

Karatasi iliyorudi nayo imeandikwa: "Imejaribiwa, hakuna tatizo lililopatikana." Asubuhi niliyoiwasha, krrr-krrr.

Niliwapigia na kuomba nisomewe maelezo aliyoyapata fundi. Yalikuwa maneno matatu: "feni ina kelele." Video, mchoro, maelezo ya baridi na joto, vyote vilibaki kwenye barua pepe ya huduma kwa wateja. Fundi aliiwasha, akaiendesha kwa kazi nzito hadi ikapata moto, na ikiwa moto haikwaruzi. Alifanya kazi yake kwa uaminifu kwa kile alichopewa. Nikaomba kesi mpya, na safari hii nikachapisha karatasi na kuibandika juu ya kifuniko chenyewe:

"Habari za kazi, fundi. Feni ya kushoto inakwaruza ikiwa baridi tu. Tafadhali iache imezimwa usiku kucha, ilaze bapa mezani, iwashe na uingie BIOS. Sikiliza upande wa kushoto karibu na bawaba ndani ya dakika tano za mwanzo. Ukiisimamisha kwa ubavu sauti inakatika. Ikishapata moto hutaisikia. Picha ya masafa iko nyuma ya karatasi hii. Asante sana."

Ushauri wangu kwa yeyote mwenye tatizo la kuja na kuondoka ni huo: karatasi ibandikwe kwenye mashine. Unayemweleza kwenye simu siye anayeshika bisibisi.

Feni mpya

Imerudi. Ripoti inasema sauti imesikika, feni ya kushoto imebadilishwa pamoja na kipoza joto, na gundi ya kupitishia joto juu ya prosesa imepakwa upya. Gundi hiyo ni lazima ipakwe kila kipoza joto kinapong'olewa, kwa hiyo nilipima joto pia. Kwenye mzigo uleule, mfumo endeshi wa Linux ukiwa umewashwa kutoka kwenye USB na amri `stress-ng --cpu 0 --timeout 5m` ikitumia kila kiini cha prosesa, zamani kilele kilikuwa nyuzi 94. Sasa ni 88.

Asubuhi ikiwa baridi nilirudia yote: BIOS, simu mahali palepale, bomba la karatasi. Kwenye mizunguko 4,200, ile safu ya mistari ya hezi 70 haipo. Umebaki mvumo mpana wa hewa, na mstari mmoja juu kabisa ambao ni mapanga yakikata hewa, kitu cha kawaida kwa feni nzima. Nikaiinamisha hadi ikasimama kwa ubavu, mchoro haukubadilika.

Spea iliyowekwa chini ya waranti mara nyingi hulindwa kwa muda uliobaki wa waranti ya mwanzo au kwa siku 90, kutegemea upi ni mrefu zaidi. Karatasi yangu inasema hivyo, nami nimeihifadhi pamoja na risiti. Feni ya kulia haikuguswa. Ilitoka kiwandani pamoja na ile iliyoharibika, kwa hiyo nimeirekodi nayo ikiwa baridi, kwa mizunguko 3,000 na 3,900, na mistari yake kwa sasa ni safi. Nitairekodi tena waranti ikikaribia kuisha.