Vyote au kimojawapo?

Simu iliita saa nne usiku. Kijana wa zamu ya ghala alikuwa ameshika utaratibu wa kupokea mzigo, ule nilioandika mimi mwenyewe, na aliuliza jambo moja tu: "Hapa namba sita kuna vitone vinne. Nivifanye vyote au kimojawapo?"

Nikafungua faili. Piga picha ya mzigo, jaza fomu ya upungufu, mjulishe msimamizi, rudisha mzigo kwa dereva. Vitatu vya kwanza ni lazima. Cha nne hufanyika pale tu msimamizi anapoukataa mzigo. Mimi nilijua hivyo, lakini karatasi haikusema, na kijana alikuwa na karatasi, hakuwa na kichwa changu.

Kesho yake nilichapisha taratibu zetu zote nikazitandaza mezani. Kila mwandishi alikuwa na lake: huyu namba zenye mabano, yule vistari, mwingine vishale na alama za vema. Waraka mmoja ulikuwa na hatua ndogo za herufi, na ndani yake namba za Kirumi. Mtu akikwambia kwenye simu "fanya i", ni herufi ya tisa au moja ya Kirumi?

Mwenzangu wa ubora alihofu kwamba tukibadilisha umbo tutagongana na wakaguzi. Tukasoma pamoja kifungu cha 7.5.2 cha ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Kinataka umbo la waraka liwe linalofaa. Vitone au namba ni uamuzi wetu.

Basi tukaamua. Namba ni za mfuatano: ukizibadilisha nafasi hatua mbili na kazi ikaharibika, hapo pana namba. Vitone ni vya mambo yasiyo na mwanzo wala mwisho, kama vifaa vya kuandaa. Na kabla ya orodha yoyote kuna sentensi inayosema wazi "fanya yote yafuatayo" au "chagua moja". Sharti likiwapo, linatangulia tendo: "Kama msimamizi ameukataa mzigo, urudishe kwa dereva." Hatua ndogo ni a, b, c, basi. Panapohitajika ngazi ya tatu, hapo kuna utaratibu mwingine unaodai karatasi yake.

Vitenzi ndivyo vilivyotuchukua siku nyingi. Katika orodha moja nilikuta "Zima mashine", "Kuzima feni", "Umeme ukatwe" na "Mfanyakazi afunge mlango". Msomaji anayumba kila mstari. Ule wa "ukatwe" ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu unamficha mtendaji: umeme ukatwe na nani? Sasa mtendaji anatajwa mara moja juu ya orodha, na kila hatua inaanza na amri: zima, kata, funga. Hata "hakikisha" nimeanza kuitilia shaka. "Hakikisha mlango umefungwa" ni kuambiwa ufunge, au utazame kama mwenzako amefunga? Mara nyingi aliyeandika alitaka kusema "funga".

Namba za kuandika kwa mkono tumeziacha kabisa. Ukiingiza hatua mpya katikati, zinazofuata hazisogei, na ile "rudi hatua ya 5" inampeleka mtu kwenye hatua isiyo yenyewe. Tunatumia mitindo ya orodha iliyomo kwenye programu ya kuandikia, marejeo ya hatua yanaingizwa kama marejeo yanayosasishwa, na maandishi yanayotoka kwingine yanabandikwa bila umbo lake la zamani. Kuna faida nyingine niliyoijali sana: programu ya kumsomea asiyeona huweza kumtangazia kwamba hii ni orodha na ina vipengele vingapi, iwapo ni orodha ya kweli. Vistari vilivyogongwa kwa mkono vinamfikia kama vistari tu.

Utaratibu wa kupokea mzigo nimeuandika upya. Hatua ya 6 ina a, b, c, chini ya "fanya yote yafuatayo". Ya 7 inaanza na "Kama". Kabla ya kuusambaza nilimpa kijana yule aupitie. Ameurudisha leo akiwa amezungushia neno moja kwa kalamu, kwenye hatua ya 3: hakikisha. Pembeni ameandika, "Nihesabu mwenyewe, au nitazame hesabu ya dereva?"

Ahesabu mwenyewe. Naibadilisha sasa hivi.