Paking Dola Hamsini, Vitumbua Tumetoka Navyo Nyumbani

Ndugu zangu, Jumapili iliyopita nimelipa dola hamsini kuegesha gari kwa saa nne. Gari lenyewe Corolla ya mtumba, limesimama kwenye kiwanja cha kokoto nyuma ya ghala bovu, na kijana aliyetupokea na kibendera chake hata haya hakuona. Mume wangu aliniangalia lile jicho la "lipa tuondoke", maana nyuma yetu watu walishaanza kupiga honi. Kiti cha nyuma Mama alikuwa anazigeuza dola ziwe shilingi kwa sauti. Nikamwomba asimalizie hesabu. Mzunguko kwa Mkapa, siku ya Simba na Yanga, bei yake mnaijua, na pale matani ya jirani unapewa bure.

Uwanja sitautaja. Lakini nimekasirika, na nikikasirika huwa naandika, kwa hiyo leo mtanivumilia. Nataka niwaeleze jinsi familia ya watu wa Tanga ilivyomaliza msimu mzima ikizunguka viwanja vya besiboli Marekani, mchezo ambao nyumbani hatukuwahi kuushika.

Chanzo ni Mama. Wazazi wetu wakija huku kutembea wanageuka wafungwa wa apatimenti, hili wengi hamlisemi mkipiga picha za kumpokea airport. Mimi nalea wazee zamu ya usiku, mume wangu yuko barabarani na lori, watoto shule. Mama, mwalimu mstaafu, mtu ambaye kule Ngamiani, Tanga, hatembei hatua kumi bila kuamkiwa, anakaa dirishani kuhesabu magari ya jirani. Hakuna wa kumwambia shikamoo. Hakuna hata wa kugombana naye. Alifika Aprili, na wiki ya pili akaniuliza, kwa upole kabisa, tiketi ya kurudi inabadilishwaje.

Shemeji yangu, Muhaya wa Bukoba tunayekaa naye hapa Baltimore, ndiye aliyesema tumpeleke mpirani. Nikamwambia mpira wa miguu hapa uko wapi. Akasema si huo, twende ule wa rungu.

Kwa wasiojua: timu kubwa za besiboli ni 30, na kila moja inacheza mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, nusu yake kwenye uwanja wake. Mechi 81 nyumbani! Watu watajaza viti mara 81 wapi? Ndiyo maana Jumanne ya kawaida, timu ikiwa hoi, tiketi ya viti vya juu kabisa unaipata kwa bei ambayo hapa hata chakula cha mchana cha watu wawili haitoshi. Halafu unafika ukurasa wa mwisho wa kulipia, unakuta ada ya huduma. Huduma gani, nimejihudumia mwenyewe, kwa simu yangu, kwa bando langu?

Tulianza hapa hapa Baltimore, uwanja wa Camden Yards. Ulifunguliwa 1992, na nyuma ya upande wa kulia kuna ghala refu la matofali la shirika la zamani la reli. Badala ya kulibomoa walilikumbatia, likawa sehemu ya uwanja, na kati ya ghala na viti kuna mtaa ambao ardhini wamebandika vibao vya shaba kila mpira mrefu ulipodondokea. Babe Ruth, yule mpigaji ambaye jina lake hata asiyejua besiboli amelisikia, alizaliwa mitaa michache kutoka pale mwaka 1895. Treni ya mjini inakushusha mlangoni. Na sikilizeni hii: chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia. Tuliingia na vitumbua, sambusa, chapati za kukunja na maji ambayo hayajafunguliwa. Mlinzi akachungulia mfuko, akauliza hivyo vya duara ni nini, Mama akamkaribisha kimoja. Akakataa kwa sababu ya kazi, lakini aliviangalia kwa huzuni.

Ilikuwa tarehe 15 Aprili. Wachezaji wote, wa timu zote mbili, walivaa namba 42 mgongoni. Mwanangu akaniuliza sasa refa atamjuaje nani ni nani. Tarehe hiyo mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn, Mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu baada ya miaka mingi ya kufungiwa mlango, na 42 ilikuwa namba yake. Tangu 1997 hakuna timu inayompa mchezaji mpya namba hiyo, ila siku hiyo moja wanaivaa wote. Mama alikaa kimya akiwatazama, kisha akauliza, "Mwanangu, na huyu aliyesimama na rungu anamsubiri nani?"

Hapo ndipo mzee wa Kizungu wa kiti cha pembeni alipotuingilia. Alikuwa na daftari pajani na penseli sikioni. Yapo mashabiki wa besiboli, wengi wao wazee, wanaoiandika mechi nzima kwa mkono: kila mpigaji ana mstari wake, kila awamu ina safu yake, awamu ziko tisa. Anayekosa mpira mara tatu anaandikiwa K. Akitolewa amesimama tu, hajazungusha rungu, K inaandikwa imegeuka nyuma. Mzee anaongea Kiingereza cha puani, Mama ana Kiingereza cha ubaoni, wakaelewana kwa penseli. Huyu mwanamke kasahihisha madaftari ya watoto zaidi ya miaka thelathini, na mtu anampa karatasi yenye mistari! Awamu ya tano alikuwa anajaza mwenyewe. Ya saba, watu wote waliposimama kujinyoosha na kuimba kama ilivyo desturi, yule mzee alichana kurasa zake tupu akampa. Mara ya pili tulipokwenda, Mama alikuja na daftari lake la kaunta buku.

Mabadiliko ya tiketi hayakutajwa tena.

Kinachonivuta mimi pale si mchezo, niseme ukweli. Ni kukaa. Huku kila mahali unaondolewa. Daktari ana dakika zake, meneja ana zake, hata mghahawani bili inaletwa kabla hujauliza. Uwanja wa besiboli unakaa, unaongea, unakula, unaangalia kidogo, unaongea tena, na kelele zikipanda unageuka kuona kulikoni. Tangu 2023 wameweka saa: mrushaji ana sekunde 15 za kurusha kama hakuna mtu kwenye besi, yaani vile vituo wanavyokimbilia wapigaji, na mechi zimekuwa fupi kuliko zamani, siku nyingi hazichukui hata saa tatu. Yule mzee aliilalamikia hiyo saa jioni nzima. Mama alimuunga mkono, na ndiyo kwanza alikuwa ameujua mchezo siku hiyo.

Basi, tukawa na ugonjwa. Kila zamu zetu zilipokubaliana, tulikwenda. Washington ni rahisi, unashuka treni kituo cha Navy Yard unatembea kidogo. Pale katikati ya mechi wanakimbizana watu waliovaa vichwa vikubwa vya marais wao wa zamani, Washington, Lincoln, Jefferson na Roosevelt, na huyo Roosevelt walimfanya ashindwe kila mbio tangu 2006 hadi siku ya mwisho ya msimu wa 2012. Rais mzima anaanguka chali, watoto wanacheka. Mama alicheka hadi kanga ikamdondoka, kisha akageuka kutazama nyuma kama kuna mtu. Mnaelewa.

Philadelphia tulipita, joto lilituua, sina la kusema.

Pittsburgh ndiyo iliyonishinda kwa uzuri. Uwanja uko ukingoni mwa mto, ng'ambo yake majengo marefu yamesimama, na siku ya mechi daraja linafungwa magari yasipite, mnavuka kwa miguu na mashabiki wengine. Daraja lina jina la Roberto Clemente, mchezaji wa timu ya Pittsburgh, mtu wa Puerto Rico, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akiwapelekea misaada waliopigwa na tetemeko Nicaragua. Ukuta wa kulia wa uwanja una urefu wa futi 21 kwa sababu namba yake ilikuwa 21. Na ni uwanja huo huo ambao Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika aliyelelewa Afrika kufika ligi kuu, aliingia Aprili 2017 na zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga mpira safi akafika besi. Shemeji alilisimulia hilo kwa watu wa mstari mzima kana kwamba Ngoepe alisoma naye Ihungo.

Kwa Waganda ndiyo kabisa. Mji wa Frederick, karibu na kwetu, kuna uwanja mdogo, tiketi nafuu, paking haikutoi machozi, na hapo ndipo Dennis Kasumba alipocheza mwaka 2023, yule kijana wa Uganda aliyejulikana kwa video zake akifanya mazoezi na matairi. Jirani yetu Mganda alitupeleka kama anatupeleka ukweni. Ndiye aliyetukumbusha ya mwaka 2011: watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kuja Pennsylvania kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Watoto wadogo, jamani, na glavu zao! Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikaja, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 timu kubwa ya Los Angeles Dodgers ikasaini vijana wawili kutoka Uganda. Sisi Dar tuna uwanja pale Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na bado ukisema besiboli mtu anafikiri ni kofia.

Wewe unayengoja viza ya kuja huku, sikia. Kwanza, hizi picha za mtu uwanjani ana bia mkononi zisikuchanganye; ile bia ni karibu saa nzima ya jasho la kazi utakayoanzia. Pili, viwanja vingi sasa havipokei pesa taslimu hata ya maji, bila kadi au simu unakaa na kiu yako. Tatu, ukimleta mzazi, mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege, kwa sababu kuteleza ngazi moja tu hapa ni mkopo wa miaka. Na umtafutie pa kukaa na watu. Kanisa, msikiti, uwanja, popote. Usimfungie na televisheni ukasema umemlea.

Turudi kwenye dola zangu. Ubaya wa siku ile haukuishia paking. Kuna viwanja mkoba wa kawaida haupiti, sharti uwe wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo. Mama alibeba mkoba wake wa ukindu, ndani daftari, penseli, dawa za presha na vitumbua vitatu. Mlinzi akasema rudisheni kwenye gari au lipieni kabati. Kulipia tena! Nilisema maneno ambayo Mama alijifanya hakuyasikia. Mwishoni alihamisha dawa mfukoni, daftari akalikumbatia kifuani, mume wangu akatembea dakika ishirini kuurudisha mkoba kwenye kile kiwanja cha kokoto, na vitumbua akavila njiani. Anasema vilikuwa viwili.

Ndani, bwana mmoja nyuma yetu akauliza kama tunajua tunachokitazama. Aliuliza kwa tabasamu, lile tabasamu lao mnalijua. Mama hakumjibu. Dakika chache baadaye yule bwana akapaza sauti kumwambia mkewe auti ni mbili, yaani wapigaji wawili wameshatolewa. Mama akamgeuzia daftari. Ilikuwa moja. Mke wake ndiye aliyecheka kwanza, na akatununulia karanga, pakiti kubwa, akaomba aone tena ukurasa. Ni watu wa ajabu hawa. Anakukera na kukulisha kwenye kiti kile kile.

Boston tulikwenda Agosti, tukalala kwa binamu yangu anayekaa mji wa Lowell. Fenway Park ulifunguliwa Aprili 1912, Wajerumani bado wako Tanga, na viti vingine ni vya mbao vyembamba vya watu wa zamani ambao nadhani hawakuwa na makalio. Kushoto kuna ukuta wa kijani wa mita 11, na kulia, katikati ya bahari ya viti vya kijani, kimoja chekundu: hapo ndipo Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston, alipoupeleka mpira mwaka 1946, futi 502, kama mita 153. Mama alitaka kufika hadi kwenye kile kiti. Alikikuta kina mtu, akasubiri jamaa aende kununua bia, akakaa. Picha nimeiweka WhatsApp ya ukoo, na mjomba ameuliza kama huo ndio msikiti mpya.

Mama anaondoka wiki ijayo. Daftari linakwenda naye, na ameshaagizwa na wajukuu wa Ngamiani alete mpira. Huku ubishi umeshaanza wa msimu ujao. Shemeji anataka Seattle, kwa sababu amesoma kwamba uwanjani kule wanauza panzi wa kukaanga, na yeye kama Muhaya anajiona ana wajibu wa kwenda kuwaonja na kutoa hukumu. Mume wangu amepiga hesabu ya ndege kutoka Baltimore hadi Seattle kwa watu sita, akaongeza hoteli, akaongeza na paking. Amesema kwa hela hiyo tungoje Novemba twende Bukoba, tukawale senene wenyewe, na kuegesha gari ni bure.